Mashudu ya Bibi Esta

Siku ya tisa tangu mumewe alete dumu la mafuta, Swaumu alichukua msumari akakwaruza alama ubavuni mwa dumu, usawa ule ule mafuta yalipofikia. Hakumwambia mumewe. Alikuwa ameshaunga mlenda mara nne, amekaanga dagaa, amempa jirani yake Jenipher kikombe kizima, amempaka mtoto kichwani kabla ya kumsuka, na mafuta yalikuwa pale pale. Akasema labda ni macho. Asubuhi yake aliunga maharage, akamimina mafuta kwa makusudi bila huruma, kisha akainama kuangalia. Mafuta yalikuwa yamesimama kwenye alama ya msumari, yametulia, kama hayajaguswa.

"Baba Rukaya," aliita kwa sauti ya chini. "Hili dumu ulilitoa wapi?"

Tamimu alikuwa anafunga kamba za viatu. "Kwani lina nini?"

"Halipungui."

"We mwanamke, bwana! Wenzako wanalia yameisha, wewe unalia hayapungui. Shukuru Mungu."

Alicheka, ila hakumtazama. Mtu aliyeshiba pengine angeshtuka hapo hapo. Hawa walikuwa na miezi mitatu ya mlenda wa maji na chumvi, na ukishakula mlenda wa namna hiyo miezi mitatu, dumu likikataa kupungua hutalihoji. Unakaanga. Wiki haikuisha, Swaumu alikuwa na karai la maandazi kando ya barabara kuu hapa Iguguno, malori yanasimama, makondakta wanamwita shemeji, na Rukaya, mtoto wao wa pekee mwenye miaka saba, akapata viatu vya shule visivyo na matundu.

Sasa nieleze dumu lilitoka wapi, maana Tamimu alijua vizuri sana.

Tamimu alikuwa mkamuaji kwenye mashine ya alizeti ya mzee Abdillahi. Mbele ya mashine ile kuna nati moja kubwa. Ukiikaza, mashudu, yale makapi ya alizeti, yanatoka membamba na makavu, na mafuta yote yanakwenda kwa mwenye alizeti. Ukiilegeza robo mzunguko, mashudu yanatoka manene, laini, ukiyabinya yanaacha doa kiganjani. Mkulima haoni. Macho yake yako kwenye bomba la mafuta, hana habari na mashudu, maana mashudu hubaki kwa mwenye mashine, ndiyo desturi yetu. Mkulima akishaondoka, na mwenye mashine akienda kuswali adhuhuri na kula, mkamuaji anaikaza nati, anayarudisha mashudu yale yale kwenye mashine, na mafuta ya mtu yanatoka mara ya pili yakiwa hayana mwenyewe.

Wakamuaji wote wanaujua mchezo huo. Tamimu aliujua miaka minne bila kuucheza. Hilo lazima niliseme, maana watu wa hapa kwetu wakishaanza kumsema mtu hawambakizii kitu.

Kilichomvunja ni mtoto. Mvua zilikuwa mbaya, magunia hayaji, na mkamuaji asipokamua hana anachopata. Jioni moja Rukaya alisukuma sahani ya mlenda, akamuuliza, wala si kwa ubaya, "Baba, si wewe unakamua mafuta ya watu wote? Yetu yako wapi?" Tamimu alinawa mikono, akatoka, akasimama nyuma ya choo mpaka machozi yalipokauka.

Kesho yake akaja Bibi Esta.

Alitoka Ulemo, ameteremka kwenye lori na magunia mawili, kwa sababu mashine ya kwao mota ilikuwa imeungua. Bibi mwembamba wa Kinyiramba, viatu vya plastiki, kitenge kimefungwa kifuani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Nikamulie vizuri, mwanangu. Haya ndiyo ya matibabu ya mzee wangu. Mkojo umemziba, halali. Nikiuza madumu mawili nampeleka hospitali kubwa."

Tamimu alisikia. Hilo nalo nalisema wazi: alisikia kila neno. Kisha akachukua spana akailegeza nati robo mzunguko.

Dumu la kwanza likajaa. La pili likafika nusu, bomba likakauka. Bibi Esta akasimama, akazunguka upande ambao wakulima hawapiti, akachota mashudu, akayabinya, akakunjua kiganja. Kiganja kiling'aa.

"Baba," alisema, "mbona humu yamo bado?"

Foleni nzima ikageuka. Mzee Abdillahi alikuwa mlangoni na kofia yake ya kuswalia mkononi. Hapo Tamimu alikuwa na njia mbili tu, na ya kusema kweli ilikuwa inamtoa kazini siku hiyo hiyo. Akainua mkono juu, akafanya tunachofanya wote sokoni, mnadani na kwenye mizani tukibanwa. Aliapa.

"Bibi, alizeti yako nyepesi mwaka huu. Haki ya Mungu, kama kuna tone lako limebaki humu, nikamuliwe mimi na kizazi changu!"

Watu wakacheka. Wazee wanakataza kuapa jua likiwa utosini, kwamba saa hiyo wenyewe, wale wasioonekana, wanapita na wanasikia, lakini nani anakumbuka hayo mbele ya foleni ya magunia? Papo hapo umeme ukakatika. Mashine ikasimama, mkanda ukatulia, na katika kimya kile kila mtu alisikia spana, iliyokuwa imelala mezani na hakuna aliyeishika, ikigonga chuma mara moja.

Bibi Esta alimtazama Tamimu muda mrefu. "Haya, baba," alisema. "Umeapa." Akachukua dumu lake moja na nusu, akaondoka.

Umeme uliporudi na mzee Abdillahi akiwa bado msikitini, Tamimu aliyakamua yale mashudu mara ya pili. Dumu la lita kumi likajaa hadi shingoni. Usiku Rukaya alikula mlenda uliong'aa, akalamba vidole vyote kumi, na Tamimu alimtazama akila akausahau uso wa bibi. Aliusahau kwa siku nane.

*

Mtoto alianza kwa midomo. Ilipasuka, ikawa na magamba, Swaumu akasema ni upepo wa kiangazi. Kisha miguu ikapauka. Alimpaka mafuta asubuhi, saa nne mguu umepauka tena. Alimpaka mara tatu kwa siku, ngozi inayanywa na kubaki vilevile. Nywele zikaanza kukatika kwenye chanuo. Mikono ya mtoto wa miaka saba ikawa na mikunjo ya bibi kizee, na akiitwa anachelewa kugeuka, kama shingo inamuuma. Zahanati walisema amepungukiwa maji, wakampa dawa ya kuchanganya na maji ya kunywa. Alikunywa. Hakuna kilichobadilika.

Na mchana alikuwa analala. Adhana ya adhuhuri ikianza tu, popote alipo, mtoto anajilaza chini, na haamki mpaka alasiri. Akiamka ni mwepesi zaidi ya alivyolala. Swaumu aliyaona hayo kwa kumbeba.

Halafu ile harufu. Harufu ya mashudu ya moto, yale yaliyotoka mashine muda huo huo, ndani ya chumba kisicho na hata chembe ya mashudu. Swaumu alifua nguo zote za kazi za mumewe, akazianika mbali. Kesho yake, jua lilipofika utosini, harufu ilikuwepo.

Siku moja alirudi mapema kutoka barabarani, akaingia kumwangalia mtoto. Usiku wake alimgusa mumewe bega gizani.

"Umelala?"

"Bado."

"Kesho saa saba uje nyumbani."

"Kuna nini?"

"Uje tu usikie. Mimi sisemi kwa mdomo wangu."

Tamimu alikuja. Umeme ulikuwa umekatika mji mzima tangu asubuhi, mashine zote zimenyamaza, hata kuku wa Jenipher walikuwa wamejibanza kivulini bila sauti. Rukaya alikuwa amelala chali kwenye mkeka, macho yamefumba nusu. Dumu lilikuwa pembeni, karibu na kichwa chake, na hapo ndipo Tamimu alipotambua kwamba hakuna aliyeliweka pale, mahali pake ni chini ya meza.

"Usiongee," Swaumu alinong'ona. "Sikiliza."

Adhana ikaisha.

Kri.

Sauti ndogo, ya chuma kwenye chuma, na Tamimu aliijua kuliko alivyoijua sauti ya mama yake mzazi, ni spana ikishika nati na kuizungusha kidogo, na ilitoka chini ya mgongo wa mtoto, pale kwenye mkeka ambapo palikuwa na sakafu ya udongo peke yake, na mtoto akakunja vidole vya miguu bila kuamka, kisha ikaja mashine, mbali kwanza, kama inayozunguka kwenye nyumba ya nne, ikasogea, ikaingia ukutani, ikaingia kwenye mkeka, mpaka meno ya Swaumu yakawa yanagongana kwa mtikisiko ambao kikombe cha maji kilichokuwa mezani hakikuuonyesha hata kidogo, na ndani ya dumu, lililofungwa kifuniko chake, lililokuwa mbali na kila bomba la dunia, wakasikia tone likianguka, likafuata la pili, likafuata la tatu, polepole, kwa mpangilio wa kazi ya mtu anayeijua kazi yake.

Swaumu aliziba mdomo kwa kanga. Tamimu alirukia dumu. Hakufikiri. Alilibeba mbio mpaka mtaroni nyuma ya nyumba, akalipindua, akamwaga yote, akalitikisa mpaka tone la mwisho, akalitupa huko.

Alipogeuka, mtoto alipiga kelele. Haikuwa kelele ya mtoto, ilikuwa kavu, haina mate. Na mashine iliyokuwa inakwenda taratibu ikaongeza mwendo.

Ilikamua mpaka alasiri. Walimbeba, ikawafuata. Walimtoa nje juani, ikakamua juani. Swaumu alimkumbatia kifuani kwa nguvu zake zote akausikia mgongo wa mwanawe ukitetemeka mikononi mwake kama gunia juu ya trela. Iliponyamaza, dumu lilikuwa limerudi chini ya meza, limejaa mpaka kwenye alama ya msumari, na midomo ya Rukaya ilikuwa inavuja damu kidogo sana, damu nzito, isiyotiririka.

Ndipo Swaumu alipoelewa. Aliangalia dumu, akaangalia karai la maandazi lililoning'inia ukutani.

"Kila nikipunguza, linajazwa," alisema. "Linajazwa kutoka kwake." Akakaa chini. "Nimemuuza. Nimemkaanga mwanangu, nikamuuza barabarani."

"Mama Rukaya..."

"Ulilitoa wapi, Tamimu?"

Hakuwa amewahi kumwita kwa jina tangu waoane. Tamimu alimwambia. Alimwambia kila kitu isipokuwa kiapo. Hilo hakuweza.

*

Ustadhi Luqmani, anayefundisha watoto madrasa, aliitwa kesho yake, akaelezwa habari ya dumu na ya Bibi Esta wa Ulemo. Ni mtu wa maneno machache, hapigi ngoma wala hafukizi sana. Aliweka kiganja juu ya paji la uso wa mtoto akaanza kusoma. Jua lilipofika utosini, Rukaya alifungua macho. Yalikuwa makavu, hayapepesi. Sauti iliyotoka ilikuwa yake, ila iliongea bila kuvuta pumzi.

"Usinisumbue. Niko kazini."

"Nani kakuleta?" aliuliza ustadhi.

"Nimeitwa."

"Nani kakuita?"

"Baba yake. Kaniita jua la utosi, mbele ya watu, kwa jina la Mungu. Kasema kama kuna tone limebaki, akamuliwe yeye na kizazi chake. Nikaangalia mashudu. Yalikuwa na mafuta."

Swaumu aligeuza shingo kumtazama mumewe. 

"Mtoto ana kosa gani?" ustadhi aliuliza.

"Sijui kosa. Najua nilichoambiwa. Nimeanza na aliye laini." Vidole vya miguu vikakunjika. "Mpaka leo nimekaza robo tu. Kesho saa saba nakaza mpaka mwisho."

Macho yakafumba. Ustadhi Luqmani aliendelea kusoma mpaka jasho likamlowesha kanzu, na mashine ikasikika ikikamua chini ya kisomo chake, haiharakishi, haipunguzi. Mwishowe alifunga msahafu.

"Kuna anayevamia, huyo namtoa," alimwambia Tamimu mlangoni, kwa sauti ambayo Swaumu asiisikie. "Huyu umemkaribisha. Kiapo ulimwapia bibi, siyo mimi. Kiko mkononi kwake. Nenda Ulemo, na saa saba ya kesho isikukute njiani."

"Nikimwambia atanisamehe?"

"Mimi nitajuaje? Nenda."

*

Walitoka alfajiri kwa bodaboda, Tamimu amembeba Rukaya kifuani ndani ya kanga ya mama yake, Swaumu nyuma amelishika dumu. Mtoto hakuwa na uzito. Tamimu alikuwa amebeba magunia maisha yake yote, na njia nzima alikuwa anamwombea mwanawe awe mzito. Baada ya Misigiri pancha ikawashika, fundi akawa mbali, wakaanza kutembea huku jua linapanda. Tamimu alilaani pancha, akamlaani dereva, kisha akanyamaza, maana alijua anayestahili laana ni nani. Walifika Ulemo jua likiwa limebakiza kidogo sana kufika katikati.

Kwa Bibi Esta palikuwa na wanawake watatu, yeye akiwa mmoja wao, wamekaa chini wanapepeta alizeti. Pembeni mwa shamba palikuwa na kaburi, udongo bado mwekundu, msalaba wa mbao haujapakwa rangi. Tamimu aliliona kabla ya kuona kitu kingine chochote.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Alimtambua. "Baba wa mashine. Karibuni. Mzee Stanley ndiyo huyo, ametuacha. Wiki ya tatu sasa."

"Pole, bibi. Poleni sana." Akamsogeza mtoto kifuani. "Bibi, nimekuja kwa habari ya yale mafuta. Siku ile nati ya mashine ililegea, sasa..."

Kri, ikasikika kwenye kanga. Mtoto akakunja vidole vya miguu.

Tamimu akalia. Alilia mbele ya wanawake wale bila kujificha, kamasi na machozi, akasema, "Haikulegea. Niliilegeza mimi. Nilikusikia ukisema mzee anaumwa, nikailegeza hivyo hivyo. Alizeti yako haikuwa nyepesi, ilikuwa nzito, sijakamua nzito kama ile. Nilikuibia nusu ya dumu, nikaapa kwa Mungu kwamba sikukuibia, na kiapo kinammaliza mtoto. Nilikuwa na njaa, bibi. Mwanangu alikuwa na njaa."

Ungo ukaacha kupepeta. Bibi Esta hakuinuka. Alipoongea hakupaza sauti, na Swaumu alisema baadaye kwamba angekubali kupigwa kuliko kuisikiliza sauti ile.

"Mafuta hayakutosha," alisema. "Tukasema tusubiri tuuze na kuku. Na kuku hawakutosha. Alilia siku nne, mzee mzima, analia kama mtoto mchanga. Wewe uliniambia alizeti yangu nyepesi. Nikaamini. Nikalilaumu shamba. Nikamlaumu yeye. Nilimwambia, Stanley, wewe ulipanda mbegu mbovu, ona sasa. Nilimwambia hayo yuko kitandani anakufa. Akaniomba msamaha." Akageuza macho kwenye kaburi. "Aliniomba msamaha kwa mbegu. Amekufa anajua ni kosa lake."

Kule shuleni kengele ya mchana ikagongwa, na mashine ikaanza, mbali, upande wa barabarani, ikija.

"Bibi," Swaumu alipiga magoti, akalisukuma dumu mbele. "Nakuomba. Siyo kwa ajili yetu. Mtazame tu."

Bibi Esta alinyoosha mikono, akapewa mtoto. Alimfunua. Alimtazama ule mkono wenye mikunjo, akaulinganisha na wake. Mashine ilikuwa imeshaingia uani, wanawake wawili waliinuka wakakimbia, na alizeti kwenye ungo zilianza kurukaruka zenyewe.

"Huyu hakuapa," Bibi Esta alisema, naye alikuwa anaongea na kitu kilichosimama juu ya bega la Tamimu. "Unanisikia? Mimi ndiye niliyeapiwa. Huyu mtoto hakuapa, hakuniibia, mimi namwachilia. Toka kwake."

Kri. Kri. Kri. Mtoto akavuta pumzi ndefu, akakohoa, na chozi likamtoka, chozi la maji kabisa, likateremka mpaka sikioni. Swaumu alimrukia akaulamba uso wake.

Bibi Esta akamgeukia Tamimu. "Wewe sijakuachilia. Nimejaribu hapa, moyo umekataa. Mafuta ningekusamehe. Ya Stanley siyo yangu ya kusamehe."

"Basi nibaki mimi," alisema Tamimu. "Niliapa mimi."

Mashine ilinyamaza. Kisha aliihisi mgongoni, chini ya mbavu, baridi ya chuma, inashika, inajipanga.

*

Rukaya alipona. Wiki mbili alikunywa maji kama ng'ombe, nywele zikaota, akarudi shule. Dumu la lita kumi liliachwa Ulemo, na Swaumu akaunga kwa mafuta ya kupima, ya kikombe kidogo cha dukani. Siku yalipoisha alikikung'uta kikombe, akakaa jikoni akalia kwa furaha, mpaka Jenipher akauliza kuna msiba gani.

Tamimu alikwenda mwenyewe kwa mzee Abdillahi akasema yote. Alifukuzwa. Sasa ni kibarua wa kupakia magunia, na watu wa foleni wanamcheka. Amekonda vibaya. Mikono imepasuka, shati linamcheza mwilini, na mchana kila siku hutafuta mahali pa peke yake, akauma leso mdomoni mpaka alasiri. Ustadhi alijitolea kumsomea, akakataa. Na kila mwezi unapoandama, dumu lile la lita kumi, ambalo Bibi Esta hulirudisha tupu kwa malori, linakutwa chini ya meza limejaa hadi shingoni. Tamimu hulibeba Ulemo, analiweka mlangoni, anapalilia kaburi la mzee Stanley, anaondoka. Bibi alidhani ananunua.

Mwezi uliopita bibi alikuwa amemsubiri. Alifungua kifuniko, akachovya kidole, akasugua mafuta kwa kidole gumba.

"Mazito haya," alisema. "Alizeti ya shamba gani?"

Kiapo kilimjia Tamimu mdomoni chenyewe, kwa mazoea, haki ya Mungu bibi nimenunua. Akauma ulimi.

"Si ya shamba, bibi."

"Umekamua wapi?"

"Kwangu."

Bibi Esta alitazama zile mbavu chini ya shati, akatazama mikono iliyopasuka, akatazama dumu. Kidole chake kilikuwa bado kinang'aa. Alikifuta kwenye kitenge, taratibu, akafunga kifuniko.

"Mwezi ujao," alisema, "niletee nusu."

Tamimu alitembea mpaka barabarani, jua likamkuta utosini hapo, akasimama kando ya njia na leso mdomoni, anangoja. Spana ikashika. Miezi yote ile alikuwa ameshazoea upande inakozunguka ikikaza. Siku hiyo ilizunguka upande wa pili, kidogo tu.